Punda wa Zeno: namna ya kuanza Ustoiko kwa daftari moja

Kuanza Ustoiko, falsafa ya kale ya Wagiriki, unachohitaji ni daftari la kurasa 48, kalamu, na robo saa asubuhi na nyingine jioni. Kigiriki hukihitaji, wala shahada ya falsafa, wala bando kubwa. Tafuta tu jambo moja linalokukera kila wiki: mtu, deni, kazi, bomba lisilotoa maji. Hilo ndilo litakuwa somo lako la kwanza, na kwa mkazi wa Dodoma sidhani kama utalikosa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari pembezoni mwa jiji. Daftari la namna hii nimelianza, nikaliacha mara mbili, nikalirudia, na sasa nalitumia pamoja na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Nawaandikia kwanza walimu wenzangu, halafu wazazi, halafu vijana waliomaliza chuo na bado wako mtaani wakisubiri kuitwa kwenye usaili.

Kabla ya kuanza: weka pembeni neno "vumilia"

Msomaji wa Biblia amekwisha kukutana na Wastoiko. Wamo katika Matendo ya Mitume sura ya 17, Paulo alipofika Athene wakahojiana naye, wao pamoja na Waepikureo. Jina lao limetoka kwenye neno la Kigiriki, stoa, yaani ukumbi mrefu wenye nguzo, ulio wazi upande mmoja. Sisi tungesema baraza. Zeno, mwanzilishi wao, mzaliwa wa mji wa Citium katika kisiwa cha Saiprasi, alianza kufundisha barazani pale Athene karibu mwaka 300 KK. Inasimuliwa kuwa alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, meli yake ikazama, naye akaingia kwenye duka la muuza vitabu akiwa hana la kufanya. Humo akasikia habari za mwanafalsafa Socrates zikisomwa, akauliza watu wa aina hiyo wanapatikana wapi.

Hapa kwetu falsafa hii inapokewa vibaya kwa namna mbili. Wako wanaodhani Mstoiko ni mtu mkavu, asiyelia msibani wala kucheka harusini. Na wako, hawa ndio wengi, wanaodhani ni ile "mvumilivu hula mbivu" iliyotafsiriwa kutoka Kigiriki. Mke anapigwa, aambiwe avumilie. Mtoto anaonewa bwenini, avumilie. Kibarua hajalipwa miezi mitatu, avumilie, Mungu yupo.

Wastoiko walihesabu fadhila nne: hekima, ujasiri, kiasi na haki. Mtu anayenyamazia dhuluma anayoweza kuizuia amekwisha kuvunja angalau mbili kati ya hizo. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako andika: "Sitamwambia mtu avumilie kabla sijamuuliza anaweza kufanya nini." Na wewe mwenyewe umo kwenye hilo neno "mtu". Kisha funua ukurasa wa pili.

Hatua ya kwanza: chora mstari katikati ya ukurasa

Mstari huu ni wa Epictetus. Alikuwa mtumwa, mwenyeji wa Hierapolis, katika nchi tunayoiita leo Uturuki, na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Alipoachwa huru alifundisha Roma mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule huko. Hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyaandika aliyoyasikia darasani, kwa hiyo tunachosoma leo ni notisi za mwanafunzi. Huwa nawakumbusha hilo wale wanaojaza madaftari yao majina ya wachezaji wa Simba na Yanga.

Fundisho lenyewe ni jepesi kulitamka. Yako mambo yaliyo mikononi mwetu, na yako yasiyokuwa mikononi mwetu. Yaliyo yetu ni namna tunavyohukumu jambo, tunachokitaka, tunachokikwepa, tunachoamua kutenda. Mwili, mali, cheo na sifa mbele za watu vinaweza kuchukuliwa na homa, mwizi, barua ya uhamisho au umbea.

Upande wa kushoto wa mstari andika "Yangu", kulia andika "Si yangu". Chukua mfano wa usaili. Kulia: idadi ya walioomba, maswali yatakayoulizwa, hali ya hewa ya jopo siku hiyo, mtu mwenye mjomba ofisini. Kushoto: kusoma maelezo ya kazi mara tatu, kupanga vyeti usiku, kufika Dodoma jana yake badala ya kushuka kwenye basi alfajiri na usingizi machoni, kusema "sijui" pale usipojua.

Wengi hukosea kwa kulitupa jambo zima upande wa kulia. Mwanafunzi mmoja aliniletea ukurasa ambao kulia palikuwa na neno moja tu: "Hesabu." Alikuwa amekwisha kujiondolea mzigo. Tukakaa tukaligawa hilo neno. Mtihani utakaotungwa si wake. Kipaji cha kaka yake si chake. Lakini maswali kumi ya logarithi kila Jumamosi, na kunyoosha mkono anapopotea njiani, ni vyake. Ukiona upande wa kulia una neno kubwa la jumla, ujue umelala. Ligawe.

Cicero, Mroma aliyeyaeleza mafundisho ya Wastoiko kwa Kilatini, anatoa mfano wao wa mpiga mshale. Hapa mkoani tuna bahati, maana mfano huu hauhitaji picha. Wasandawe wa Chemba wameujua upinde tangu enzi. Mwindaji huchagua mshale, hunyoosha mkono, husoma upepo, huachia. Mshale ukishatoka, swala anaweza kuruka. Ubora wa mpigaji umo katika kila alichokifanya kabla ya kuachia, na kwa hicho ndicho apimwe.

Hatua ya pili: asubuhi, kabla ya kushika simu

Hii ni fupi. Marcus Aurelius, Mstoiko mwingine, alikuwa Kaisari wa Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180 BK, miaka ya vita mpakani na tauni iliyoua watu wengi. Katika maandishi aliyojiandikia mwenyewe anajiambia kila asubuhi kwamba leo atakutana na mdaku, asiye na shukrani, mjeuri na mwongo. Nawe andika wa kwako wa leo: dereva wa bodaboda atakayepandisha bei kwa sababu umevaa tai, mwalimu mwenzako atakayekuachia kipindi chake, mzazi atakayepiga simu saa tano usiku.

Wengi huishia hapo, wakatoka nyumbani wamenuna tayari. Marcus aliendelea. Alijikumbusha kwamba hao wote ni ndugu zake, tumezaliwa tushirikiane kama mikono miwili, kama safu mbili za meno. Usipoiandika sehemu hiyo ya pili, acha kabisa hatua hii, ni afadhali ulale.

Hatua ya tatu: weka nafasi kati ya mshtuko na hukumu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Wastoiko hawakusema usishtuke. Mwandishi mmoja wa Kirumi, Aulus Gellius, anasimulia juu ya mwanafalsafa wa Kistoiko aliyekuwa naye melini, dhoruba ikapiga, naye akageuka rangi kama abiria wengine. Bahari ilipotulia akaulizwa. Akajibu kwa mafundisho ya Epictetus: mshtuko wa kwanza humjia kila mtu bila kumwomba ruhusa, tofauti ni kama utaukubali baadaye kwamba uliona sawa. Kwa hiyo damu ikichemka si kosa. Kosa ni kutia sahihi kabla hujasoma.

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao vumbi la Dodoma limekomaa na mvua bado haijatajwa. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alifika darasani amechelewa, mara ya tatu ndani ya wiki. Nilikuwa nimelala vibaya. Nikamsimamisha mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Samahani."

"Rudi ulikotoka."

Akarudi. Hakubisha, na mimi nikaichukua ile kimya yake kuwa ushahidi. Saa nne, wakati wa chai, mwalimu mwenzangu anayekaa mtaa mmoja na kijana yule akaniambia: huyo huamka saa tisa usiku, anaenda na punda wa bibi yake kupanga foleni ya maji, anajaza madumu, anayauza nyumba kwa nyumba, halafu ndiyo anakuja shule.

Kilichonichoma zaidi kilikuwa kwenye daftari langu mwenyewe. Wiki ile ile nilikuwa nimenakili habari za Cleanthes. Huyu alifika Athene akiwa fukara, bondia wa zamani, akajiunga na baraza la Zeno. Usiku alichota maji kwenye bustani za watu ili mchana apate kusoma. Hakuwa na fedha ya karatasi, akawa anaandika masomo kwenye magamba ya chaza na mifupa ya bega la ng'ombe. Watu wa mji wakashangaa mtu asiyeonekana na kazi anakulaje, wakampeleka mahakamani ajieleze. Akawaleta mashahidi wawili: mtunza bustani ambaye yeye alikuwa akimchotea maji, na mwanamke ambaye yeye alikuwa akimsagia unga. Kwa kuwa alikuwa mzito wa kuelewa, wenzake wakamwita punda. Akasema sawa, maana yeye peke yake ndiye mwenye mgongo wa kuubeba mzigo wa Zeno. Zeno alipofariki, shule ikaachwa mikononi mwa huyo punda.

Nilikuwa nimemfukuza Cleanthes wangu nikiwa na jina lake mfukoni.

Kesho yake nikamwita kijana ofisini nikamwambia nimekosea. Akasema "Hamna shida, mwalimu," macho yakiwa kwenye viatu. Hapo ndipo nilipokumbuka ukurasa wa kwanza, lile neno vumilia. Kumsifu kwa ustahimilivu wake kungekuwa rahisi sana na kusingempunguzia dumu hata moja. Nikamwuliza nini kinawezekana. Tukapanga: siku zake za maji aingie kipindi cha pili, mimi nimwachie notisi za cha kwanza, na kaka yake mdogo achukue zamu ya Jumatano. Baadaye nilipowasimulia darasa zima kisa cha Cleanthes bila kumtaja yeye, aliandika mwenyewe kwenye jalada la daftari lake kwa kalamu nyekundu: PUNDA WA ZENO.

Tangu siku hiyo nina kanuni mbili, na ningependa uzichukue. Ya kwanza, kabla ya adhabu uliza swali moja la kweli, kama "umetokea wapi?", na usikilize jibu mpaka mwisho. Ya pili, adhabu isitolewe ndani ya kipindi kile kile kosa lilipotendeka. Seneca, Mstoiko wa Roma aliyeandika vitabu vitatu juu ya hasira, anasema dawa yake kuu ni kuchelewa. Kengele ya shule inatosha kuwa dawa. Ukiisubiri, mara nyingi utakuta ulichotaka kukiita nidhamu kilikuwa usingizi wako mwenyewe.

Kwa simu tumia kanuni hiyo hiyo. Ujumbe wa kuudhi kwenye kundi la wazazi ujibiwe baada ya kula, na jibu la kwanza liandikwe daftarini. Mengi ya kwangu hayajawahi kutoka huko.

Hatua ya nne: yafikirie mabaya kabla hayajaja

Mara moja kwa wiki chagua mpango mmoja na uandike namna unavyoweza kuharibika. Watu wetu huogopa zoezi hili, wanaona ni kujitabiria. Lakini mkulima wa Kigogo hufanya hivyo kila msimu. Mvua zetu huja kati ya Desemba na Aprili, na miaka mingine hukatika katikati. Ndiyo maana anapanda mtama na uwele, nafaka zinazostahimili jua, na anaweka akiba ghalani. Hajitabirii njaa, anaijua njia inayopita.

Walioacha kuuliza swali hilo wameacha alama zao Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ndiko walikoanzia. Wakaleta matrekta na wataalamu. Mvua ikawageuka, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mashine zikavunjika, na kufikia mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wenyeji wa Ugogo wangeweza kuwaambia habari za mvua hiyo kwa siku moja tu.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne, zoezi lifanyike Juni, mtihani ukiwa bado mbali: "Matokeo yakitoka Januari na yakawa mabaya, nitafanya nini Jumatatu inayofuata?" Andika majibu matatu: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, chuo cha ufundi, shamba la zabibu la baba mdogo Hombolo. Nimeona vijana wakisoma vizuri zaidi baada ya kuandika hayo. Hofu isiyo na sura ndiyo inayowalaza usingizi juu ya kitabu.

Hatua ya tano: siku ya kujinyima, na nani asiifanye

Seneca, ambaye alikuwa tajiri wa kupindukia, alimshauri rafiki yake Lucilius atenge siku chache za kula chakula duni na kuvaa nguo za shida, halafu ajiulize: hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa? Kwa mtumishi wa Dodoma inaweza kuwa siku mbili za ugali wa uwele na mlenda, na kutembea kutoka kazini hadi nyumbani bila kuita bajaji. Faida yake utaiona siku mshahara utakapochelewa.

Ila usimpe zoezi hili mtoto aliyekuja shule bila kunywa chai. Huyo amefanya mazoezi ya kutosha. Na mwanachuo ambaye bumu lake, yaani fedha ya mkopo wa masomo, halijaingia hahitaji mawaidha ya Seneca, anahitaji mtu wa kumkopesha elfu tano.

Hatua ya sita: maswali matatu ya usiku

Seneca anasema taa ilipoondolewa na mkewe akanyamaza, yeye aliipitia siku yake nzima bila kujificha kitu. Maswali aliyapata kwa Sextius, mwanafalsafa aliyemtangulia: Leo umeponya ugonjwa gani wa nafsi yako? Umepinga kosa gani? Umekuwa bora kwa jambo lipi?

Jibu kwa sentensi tatu, zisizidi. Andika kama karani, usiandike kama hakimu: "Nimemkatiza mke wangu mara mbili. Nimelipa deni la dukani. Sikujibu ule ujumbe." Wanaoandika kurasa nne za majuto huliacha daftari ndani ya wiki mbili, mimi niliacha mara ya kwanza kwa sababu hiyo hasa. Umeme ukikatika, fanya kichwani ulale.

Pale daftari lisipotosha

Mwanasaikolojia Albert Ellis wa Marekani, katika miaka ya 1950, alijenga tiba ya mazungumzo juu ya wazo la Epictetus kwamba watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe, wanasumbuliwa na namna wanavyoyahukumu. Daktari Aaron Beck naye aliutaja Ustoiko kuwa mzizi wa tiba yake. Lakini wote wawili walikuwa wataalamu waliokaa na mgonjwa ana kwa ana. Mwanafunzi asiyelala wiki nzima, aliyeacha kula, au anayesema hataki kuendelea kuishi, usimpe daftari. Zungumza na mzazi wake siku hiyo hiyo na mpelekeni hospitali. Hapa mjini tunalifanya jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kuwa utani, "wewe umetoroka Mirembe", na utani huo umewafanya watu wengi waogope lango la hospitali inayoweza kuwasaidia. Mimi niliupiga marufuku darasani kwangu. Hiyo ni adhabu moja ninayoitoa bila kusubiri kengele.

Hatua ya mwisho: tafuta baraza

Ustoiko wa peke yako chumbani hugeuka kiburi upesi. Ukishamaliza mwezi mmoja, tafuta watu watatu hadi saba mkutane mara moja kwa wiki, saa moja tu. Chini ya mwarobaini wa shule panafaa, au barazani kwako. Waite wasichana na wavulana pamoja: Musonius Rufus, mwalimu wa Epictetus, alifundisha wazi kwamba wanawake wana akili ile ile na wanastahili falsafa ile ile. Kila mtu asome mstari mmoja wa daftari lake aliouchagua mwenyewe, asilazimishwe zaidi. Mwingine amuulize swali moja. Ushauri usitolewe mpaka uombwe. Hili ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa sisi walimu. Kabla ya kutawanyika kila mmoja ataje jambo moja la upande wa kushoto atakalolifanya kabla ya kukutana tena.

Usitangaze kwenye paredi, watakuja kwa ajili ya chai. Kwangu siku ya kwanza walikuja watatu. Mmoja alikuwa punda wa Zeno, amefika kabla ya saa. Wa pili alikuwa mwalimu wa Baiolojia. Wa tatu alitumwa na mama yake kudai hela ya sukari niliyokopa dukani kwao, akakuta tumeanza, akavuta kiti.